Makopo ya Bibi na Kifurushi cha Dada: Miaka ya Embago katika Nyumba Moja ya Mutanga Sud

Katika nyumba yetu ya Mutanga Sud kuna kabati la mbao ambalo ufunguo wake ulikuwa ukifungwa kwenye pindo la kitenge cha Bibi tangu kabla sijazaliwa. Ndani mna makopo ya maziwa ya Nido, makubwa kwa madogo, yamepangwa mstari kama wanafunzi asubuhi mbele ya bendera. Kopo la kwanza lina sukari. La pili lina chumvi. La tatu lina chumvi pia. La nne lina vipande vya sabuni vilivyobaki baada ya kufua, vikavu, vinavyongoja kufinyangwa kuwa kipande kimoja. Kuna kopo la ncha za mishumaa, kopo la vifungo, kopo la kamba za viatu, na kopo moja lenye mifuniko ya makopo mengine ambayo yenyewe yalikwisha kutoboka na kutupwa. Chini kabisa ziko chupa tupu za Amstel, zimeoshwa na kuzibwa kwa makaratasi yaliyosokotwa, tayari kwa mawese kutoka Rumonge.

Mwalimu wetu alipotutaka tuandike insha kwa kutumia chanzo cha historia kisicho kitabu wala hati ya serikali, wenzangu walikimbilia majengo ya Wabelgiji, makaburi na mitaa ya zamani ya Buyenzi. Mimi nilikwenda kuomba ufunguo. Bibi akaniuliza natafuta nini humo. Nikamjibu kwamba natafuta miaka ya embago. Alinitazama kidogo, akafungua pindo, akasema nirudishe kila kopo mahali pake.

Nilianza kazi hii nikiwa na wazo moja tayari kichwani: kwamba shida huwafundisha watu kuweka akiba, na kwamba wakishajifunza hawaachi hata shida ikiisha. Wazo hilo si la uongo. Lakini nilipomaliza, nilikuwa nimemkuta ndani ya nyumba yetu wenyewe mtu ambaye miaka hiyo hiyo ilimfundisha kinyume kabisa, yaani asiweke kitu. Insha hii inahusu watu hao wawili, na kwa nini wote wawili wana haki.

Kwanza tuweke tarehe mahali pake, kwa kuwa vijana wengi tunalisikia neno embago vinywani mwa wazee kama jina la jirani mkorofi aliyehama, bila kujua alihamia lini wala aliondoka lini. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya, aliyekuwa ametawala tangu 1987 hadi 1993, alirudi madarakani kwa mapinduzi yaliyomwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya. Siku sita baadaye, tarehe 31 Julai, viongozi wa nchi za jirani walikutana Arusha wakakubaliana kuifungia Burundi njia za biashara. Waliokubaliana ni Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire na Ethiopia, na Zambia nayo ikajiunga. Mpatanishi alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Walitaka bunge lirudi, vyama viruhusiwe, na utawala mpya ukubali kuzungumza na wale waliokuwa wakipigana nao.

Ukitazama ramani utaona kwa nini kufuli hilo lilikuwa zito. Hatuna bahari. Mzigo wetu ulishuka Dar es Salaam, ukapanda treni hadi Kigoma, ukaingia melini na kuvuka Ziwa Tanganyika mpaka bandari ya Bujumbura. Au ulitoka Mombasa ukapita Uganda na Kigali kwa malori. Njia zote mbili zilipita mikononi mwa waliotia saini. Kahawa yetu, iliyokuwa ikileta sehemu kubwa ya fedha za kigeni, nayo ilikwama kwa njia hiyo hiyo. Mwezi Aprili 1997 viongozi hao walilegeza kidogo, wakaruhusu chakula, dawa, vifaa vya shule, vya ujenzi na vya kilimo. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999. Kwa hiyo ilikuwa karibu miaka miwili na nusu, ambayo katika historia ya nchi si muda mrefu. Katika kabati la Bibi bado haijaisha.

Hata hivyo embago haikuukuta mji ulioshiba. Rais Melchior Ndadaye alikuwa ameuawa tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Katika miaka ya 1994 na 1995 Bujumbura ilizoea siku za mji mfu, siku ambazo vijana walifunga barabara na hakuna aliyetoka kwenda kazini wala sokoni. Machi 1995 watu walifukuzwa na kuuawa katika Bwiza na Buyenzi. Bibi alizaliwa Buyenzi, akaletwa Mutanga Sud na ndoa, na wadogo zake wawili walivuka kwenda Uvira mwezi huo. Yeye alikuwa amekwisha jifunza kwamba duka linaweza kufungwa kesho bila taarifa. Embago ilimkuta mwanafunzi aliyekwisha pita darasa la kwanza.

Mutanga Sud ya wakati huo ilikuwa, kama ilivyo leo kwa kiasi fulani, kartie ya watumishi wa serikali, walimu wa chuo kikuu na wafanyabiashara wa kadiri. Nyumba zina kuta, mageti, miembe na miparachichi. Ukisimama mahali palipo juu unaona ziwa lote, na ng'ambo yake milima ya Kongo ambayo asubuhi inaonekana karibu kiasi cha kudhani utaifikia kwa miguu. Babu alikuwa mhasibu katika ofisi ya serikali. Mshahara wake haukukatika hata mwezi mmoja. Jambo hili nililiona dogo mwanzoni, lakini ndilo linaloeleza makopo. Kwa familia kama yetu fedha zilikuwa zinakuja. Ila bei zilipanda mpaka fedha zikapungua maana, na siku nyingine vitu vyenyewe havikuwepo kwa bei yoyote. Mtu wa hali hiyo anajifunza kuigeuza fedha kuwa kitu mara tu kitu kinapoonekana. Bibi anasema akiona watu wamekusanyika mbele ya duka alikuwa anasimama nyuma yao kwanza, halafu ndipo anauliza kinauzwa nini.

Petroli ndiyo iliyotangulia kuadimika, na ilipoadimika ikavuta kila kitu nyuma yake. Makaa hayakushuka kutoka vilimani, au yalishuka kwa bei ya ajabu. Ndagala walifika sokoni wachache. Gari la Babu, Peugeot 504, liliwekwa juu ya matofali ili magurudumu yasiharibike, na Babu akaanza kuteremka mjini kwa miguu na viatu vya kazini mkononi, akivivaa alipokaribia ofisi. Petroli ya magendo iliyopita Rwanda na ng'ambo ya ziwa iliuzwa kwa chupa, na baadhi ya wafanyabiashara walitajirika kwa embago kuliko walivyowahi kutajirika kwa amani. Wazee wa kartie yetu wanawakumbuka vizuri. Baadhi ya maghorofa ya mji huu, wanasema, yana harufu ya petroli hiyo. Mimi nayaandika hayo kama masimulizi tu.

Sasa nirudi kwenye mazoea. Niliyachukua moja moja na kumuuliza Bibi: hili ulilianza lini? Baada yake niliwauliza majirani wachache wenye umri wake. Nilishangaa jinsi wanavyokumbuka. Tarehe za siasa waliniambia kwa kubahatisha, wakichanganya Arusha hii na Arusha ile. Lakini mtu aliyekosa kunitajia mwaka wa mapinduzi alinitajia bila kusita mwezi alioacha kuweka sukari kwenye chai ya watu wazima.

Njiti za kiberiti kuzipasua mbili kwa wembe: hili Bibi alilianza mwishoni mwa 1996, na analifanya hadi leo akikaa barazani, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Makopo mawili ya chumvi: yeye ana sababu. Moja ni la kutumia, la pili ni la kutoguswa, na la kwanza likiisha la pili linakuwa la kwanza siku ile ile linaponunuliwa jingine. Betri za redio kuanikwa juani ili zipate nguvu kidogo: Babu ndiye aliyekuwa bingwa, kwa sababu bila redio usingejua amri ya kutotembea usiku inaanza saa ngapi. Jirani mmoja, mwalimu mstaafu, hajawahi kulala bila kujaza maji kila dumu la nyumba, na madumu yake, ambayo sisi huyaita mabido, yamejaa ukumbi kiasi kwamba mgeni anapita ubavu ubavu.

Mama yangu alikuwa na miaka 12 embago ilipoanza. Daftari zilipokosekana alifundishwa kuandika kwa penseli, kufuta kwa ufutio, na kuandika tena juu yake, mpaka karatasi ikawa laini kama kitambaa na penseli ikaitoboa. Nilimuuliza kama anakumbuka Aprili 1997, vifaa vya shule viliporuhusiwa. Hakumbuki habari hiyo hata kidogo. Anakumbuka siku Babu alipokuja na daftari mpya nne, na jinsi alivyoogopa kuandika kwenye ukurasa wa kwanza. Leo Mama ana kazi nzuri na kompyuta, lakini bahasha zote za ofisi anazileta nyumbani, anazifungua gundi na kuzigeuza ndani nje. Sehemu ya kwanza ya insha hii niliiandika kwenye bahasha hizo.

Nilitaka sana kila kopo liwe la 1996. Bibi alinikatalia. Majani ya chai kupikwa mara mbili alikuta kwa mama yake Buyenzi, na vipande vya sabuni vilevile. Mkusanyo wa chupa ni wa zamani pia, kwa kuwa chupa ya bia hapa kwetu ina dhamana na hakuna mwenye akili anayeitupa. Kwenda sokoni na kikapu chake mwenyewe alianza akiwa msichana, na marufuku ya mifuko ya plastiki iliyotiwa saini Agosti 2018 ilimpita bila yeye kujua kuna kilichobadilika. Ninalisema hili kwa wenzangu wanaofanya utafiti wa masimulizi: ukimwendea mzee na tarehe yako mfukoni, atakupa vitu vya kuijaza kwa sababu ya adabu tu. Umaskini wa kawaida wa Buyenzi ulikuwa umekwisha mfundisha Bibi kutotupa. Embago ilimwongezea kuficha na kuhesabu. Kabla ya 1996, anasema, kabati halikuwa na kufuli.

Likizo iliyopita nilikwenda Kigoma kumtembelea mdogo wake Bibi aliyeolewa Ujiji. Katika jiko lake nilikuta makopo yale yale, na nilipomuuliza habari za embago akanishangaa. Makopo yake ni ya foleni, si ya embago. Baada ya vita na Idi Amin vya 1978 na 1979, Watanzania waliingia miaka ya kukosa sukari, sabuni, mafuta ya kula na nguo, wakapanga foleni kwenye maduka ya ushirika, wakala unga wa njano wa Marekani, na wengine wakafua kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na watu wenye bidhaa nyingi walizitupa usiku mitoni na vichakani wasikutwe nazo. Bibi wa Ujiji anakumbuka hilo zaidi kuliko foleni zenyewe: mwaka ambao kuwa na akiba kulikuwa kosa. Makopo yake hayako kabatini. Yako chini ya kitanda, na mbele yake kuna masanduku ya nguo.

Sikuweza kuacha kufikiri kwamba rais wa miaka ile ya foleni alikuwa Nyerere, na kwamba miaka kumi na kitu baadaye ni yeye aliyesimama upande wa vikwazo dhidi yetu. Wazee wa Mutanga Sud wana maneno makali juu yake kwa sababu hiyo. Kwa haki ni lazima niseme kwamba wapo wanaohesabu kuwa bila shinikizo lile mazungumzo ya Arusha yasingeanza mwaka 1998, wala makubaliano ya tarehe 28 Agosti 2000 yasingepatikana. Nyerere mwenyewe alifariki Oktoba 1999, na Nelson Mandela akachukua nafasi yake. Mimi sina uwezo wa kuamua jambo hilo kwa kutumia makopo. Ninachoona tu ni kwamba ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja upande wake wa mpaka, wana tabia zinazofanana ambazo ziliachwa na miaka tofauti na serikali tofauti. Waganda waliopita miaka ya magendo chini ya Amin nao wanazo zao; hata Waingereza, waliopewa chakula kwa vipimo kuanzia 1940 hadi 1954, wanasimuliwa kukunja karatasi za zawadi na kuzitunza. Hakuna sababu ya kudhani kwamba ni tabia yetu ya Kiafrika au ya uzee.

Methali inasema akiba haiozi. Ya Bibi imeoza mara nyingi. Sukari imewahi kuganda ikawa jiwe na kuvunjwa kwa mchi. Mwaka juzi nilikuta dawa za malaria zilizopitwa na wakati kabla mimi sijaanza shule, na ilinibidi nizitoe kwa siri kwa kuwa aliwahi kumpa mgeni. Petroli ndiyo ilikuwa hatari zaidi. Kwa miaka mingi Bibi aliweka dumu moja la petroli nyuma ya magunia ya makaa, ingawa Peugeot iliuzwa zamani na hatuna gari. Mama alipoligundua walikosana. Bibi alisema, "Siku moja mtaniomba." Na kweli, katika miaka hii ambapo magari yanalala foleni vituoni na abiria wanasubiri basi saa nyingi, jirani alikuja kuomba, lakini dumu lilikuwa limekwisha kutolewa. Bibi hakusema kitu siku hiyo. Alikaa tu barazani akipasua njiti.

Hapo ndipo insha yangu ilikuwa iishie, na ningepata alama za kutosha. Lakini kulitokea jambo la sukari.

Nyumbani kwetu kuna mama anayetusaidia kazi, tunayemwita Dada. Ametoka vilima vya Bujumbura Rural, mkoa uliokuwa ukiuzunguka mji, na amekaa nasi zaidi ya miaka kumi. Anamwita Bibi mama, na Bibi anamwita mwanangu. Jioni moja Bibi alipima kopo la sukari kwa kijiti chake, maana ana kijiti chenye alama, akakuta limeshuka. Hakupiga kelele. Alimwita Dada jikoni, akamwonyesha kijiti, akanyamaza. Kunyamaza kwa Bibi kuna uzito kuliko matusi ya wengine.

Dada alikitazama kijiti, akajibu taratibu: "Mama, mimi sina tabia ya kuchukua kidogo kidogo na kuweka. Ningekuwa na njaa ya sukari ningeila yote mbele yako."

Jibu hilo lilinizuia usingizi. Asubuhi nikamfuata Dada kwenye kamba ya nguo, nikamwomba anieleze. Kwanza alikataa, akasema mambo yake si ya kuandikwa chuo kikuu. Baadaye alinieleza akiwa anaendelea kuanika, kwa sentensi fupi, na akaniruhusu niandike bila jina wala jina la kilima.

Septemba 1999, embago ikiwa imekwisha kusimamishwa, serikali iliwahamisha zaidi ya watu 300,000 wa Bujumbura Rural kutoka majumbani mwao na kuwaweka katika makambi. Ilisema ni kwa usalama wao, na ilitaka kuwatenga na wapiganaji wa FNL waliokuwa wakiushambulia mji kutoka vilimani. Wengi wao walikuwa wakulima Wahutu. Dada alikuwa na umri wa miaka 12, sawa na Mama alipoandika kwa penseli. Waliambiwa asubuhi na kuondoka siku ile ile. Septemba, kama mnavyojua ninyi mliokulia vijijini, ni mwezi wa kungoja mvua, na maharage yaliyovunwa katikati ya mwaka yanakuwa yametengwa: haya ya kula, haya ya mbegu. Mama yake Dada alikuwa mtu wa makopo kama Bibi. Alikuwa na vyungu vya maharage ya mbegu vimefunikwa majivu ili wadudu wasiingie. Waliondoka na mkeka, sufuria, jembe moja na kifurushi.

Kambini hapakuwa na pa kuweka kitu. Maji yalikuwa ya shida, magonjwa yalikuwa mengi, na kitu cha kesho kilikuwa kinamkaribisha mwizi wa leo. Mandela alipochukua upatanishi aliyalaani makambi hayo waziwazi, na katika mwaka 2000 yalianza kuvunjwa. Dada na mama yake walirudi wakakuta kuta bila paa na bila mlango. Vyungu vilikuwepo. Maharage hayakuwepo. "Waliokula yale maharage," aliniambia, "walikula jasho la mama yangu la miezi mingi. Na sisi tulikuwa tunalala njaa tukiyaweka." Mama yake hakuweka tena akiba mpaka alipofariki.

Kwa hiyo Dada haweki. Siku ya mshahara ananunua nyama na kuila na watoto wake siku hiyo hiyo. Bibi humlaumu, humwita mtu wa leo. Lakini nilipochunguza niliona kwamba si kweli kuwa hana akiba. Yumo kwenye tontini ya wanawake kumi na wawili wanaochangishana kila mwezi, na anawakopesha ndugu zake kila anapopata, bila kuandika popote. Akiba yake iko kwa watu, mahali ambapo askari hawawezi kuibeba wala mvua kuilowesha. Na nyuma ya mlango wa chumba chake, kila siku ya miaka hii yote, kimening'inia kifurushi kimoja: kitenge, kitambulisho, vyeti vya shule vya watoto, kiberiti na fedha kidogo za njia. Nilikuwa nimekiona mara elfu moja nikidhani ni nguo za kufua.

Tazama sasa tofauti. Bibi aliishi miaka hiyo ndani ya ukuta. Alikosa vitu, lakini hakukosa mahali pa kuvitia vilipopatikana. Mlango wake ulifungwa na ukabaki umefungwa. Shida yake ilikuwa njia iliyozibwa, na kwa njia iliyozibwa dawa yake ni kopo. Shida ya Dada ilikuwa mlango uliovunjwa, na kwa mlango uliovunjwa kopo ni mzigo unaomwachia mwingine. Kwa miguu, kutoka kwetu hadi vilima vile ni mwendo wa asubuhi moja. Tunapoandika katika insha zetu kwamba "vita viliwafundisha Warundi kubana matumizi," tunaandika historia ya watu waliokuwa na kabati, halafu tunaipa jina la nchi nzima. Nimekwisha fanya hivyo mwenyewe katika rasimu ya kwanza, na mwalimu wangu hakuona kosa, kwa sababu nadhani yeye pia amekulia kwenye kabati.

Inabaki sukari. Niliichukua mimi. Ilikuwa wiki ya mitihani, nilikuwa nakesha, na Bibi huuacha ufunguo mezani anapooga. Vijiko viwili usiku huu, vitatu usiku ule. Nilisikia Dada akiulizwa jikoni, na nilikaa chumbani na kitabu mkononi nisiseme neno. Nilinyamaza siku mbili, huku nikimhoji kwa ajili ya insha ya historia. Siku ya tatu nikawaambia wote wawili, jioni, Bibi akiwa barazani na Dada akipepeta mchele. Dada alicheka sana mpaka akaweka ungo chini. Bibi hakucheka. Alifungua pindo la kitenge.

Ufunguo sasa anao Dada. Nikitaka sukari, namwomba.